Siku Moteri ya Wagonjwa Ilipojitaja Yenyewe

Ninyi wa Nchelenge na Kashikishi, wa Mununga mpaka Puta, wenyeji mliozaliwa na ziwa mbele ya macho na ninyi mliovuka mpaka mkiwa na mizigo kichwani, acheni nyavu kidogo msikilize. Kuna habari ya nyumba moja ya hapa hapa kandokando ya ziwa Mweru, na yaliyoipata nyumba hiyo yangeweza kuipata nyumba ya yeyote kati yenu.

Ilikuwa Jumapili, mchana. Noëlla alikuwa nyuma ya nyumba akisonga bukari, ugali wa kwao, na kwenye jiko la pili chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, walikuwa wanachemka na nyanya. Mume wake Nkulu alikuwa amerudi kanisani, bado amevaa shati jeupe la korali, na binti yao Sagesse, mwenye miaka tisa, alikuwa anamwiga jinsi anavyofungua mdomo akiimba sauti ya chini. Walicheka wote watatu. Nkulu alikuwa mtu wa maneno machache, na kicheko chake kilikuwa kitu cha kungojewa.

Watu hawa walikuwa wamevuka kutoka Congo, upande wa Pweto, Sagesse akiwa bado mgongoni. Walilima kwanza kule kambi ya wakimbizi ya Mantapala, kisha wakateremka ziwani kutafuta riziki. Nkulu alipata kazi ya kulinda stoo na geti la ushirika wa wavuvi. Noëlla, ambaye alisoma elektroniki miaka miwili Lubumbashi kabla baba yake hajafa, aliweka meza sokoni Kashikishi na kutengeneza simu. Watu walimletea simu zilizotumbukia ziwani, naye alizifungua taratibu, kama mtu anayepasua samaki bila kuharibu mayai yake.

Bukari haijaiva, mlango ukagongwa. Walikuwa wanaume watatu wa ushirika, na mbele yao katibu, Misheck, aliyeitwa Ba Misheck kwa heshima, mtu mpole wa sura, aliyenyoosha shati vizuri siku zote.

"Nkulu, moteri ya saba iko wapi?" akauliza.

"Iko mu stoo," Nkulu akajibu. "Njo mahali yake."

"Haiko. Muganga ya kliniki alikuya kuilomba sasa hivi. Kuko mugonjwa ku Isokwe. Tulifungua stoo, tukakuta mahali yake ni peupe."

Hapa lazima mfahamu jambo. Ushirika ulikuwa na moteri kumi na tano, injini za mitumbwi, zilizoletwa na mradi mmoja, na kila moja ilikuwa na namba. Kumi na nne zilikuwa za uvuvi. Ya saba ilikuwa ya wagonjwa. Mama akishikwa na uchungu kule kisiwani Isokwe, au mtoto akichemka kwa malaria, moteri hiyo ndiyo iliyowavusha mpaka kliniki. Siku hiyo mgonjwa wa Isokwe, mzee mwenye nimonia, alipigiwa kasia kwa saa nyingi juani. Alipona kwa neema ya Mungu tu. Basi mnaweza kupima hasira ya watu.

Funguo za stoo zilikuwa mbili, moja kwa Nkulu, moja kwa katibu. Nkulu aliapa kwamba Jumamosi jioni alihesabu moteri zote kumi na tano kabla ya kufunga. Lakini kesho yake Ba Misheck alitokea mbele ya wanachama na karatasi mkononi.

Juu ya geti la ushirika kulikuwa na kisomaji, kisanduku cheupe chenye antena bapa, ambacho watu wa mradi walikifunga pamoja na moteri. Kila moteri ilibandikwa etiketi nyembamba isiyo na betri. Moteri ikipita getini, hata ikiwa hatua kumi na tano kutoka kwenye antena, hata ikifunikwa na gunia, kisomaji kiliiita kwa mawimbi ya redio na etiketi ikaitika namba yake. Watu walikiita "jicho la geti". Mageti kama hayo yalikuwa matatu: Kashikishi, Mununga na Puta, ila yaliyoonwa na macho mawili ya mwisho hakuna aliyewahi kuyafungua asome. Na kile ambacho jicho la Kashikishi liliona kiliandikwa kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo ilikuwa mezani kwa katibu.

"Angalieni wenyewe," Ba Misheck alisema, akiwapitishia karatasi. "Moteri ya saba ilitoka Jumamosi, saa kumi na dakika tano, mchana. Ni nani alikuwa ku geti Jumamosi mchana? Mutu anaweza kudanganya. Mashini haidanganyi."

Nkulu alitazama karatasi ile kama mtu anayesoma jina lake juu ya kaburi. "Mi sikuiba," alisema. Akamrudishia katibu karatasi yake.

*

Neno "mwizi" lina miguu mirefu. Kabla ya Jumatano lilikuwa limefika kila mahali. Nkulu alisimamishwa kazi. Meza ya Noëlla, ambayo watu walikuwa wanaizunguka tangu asubuhi, ilibaki na vumbi. Waliomwachia simu zao walikuja kuzichukua kabla hazijapona, wengine wakizifungua mbele yake kuhesabu vyuma vya ndani. Kiongozi wa korali alimwambia Nkulu, kwa sauti ya chini na ya aibu, apumzike kuimba mpaka mambo yaeleweke. Sagesse alirudi kutoka shule bila kandambili moja. Watoto walikuwa wamemvua na kuitupa juu ya paa, wakisema mtoto wa mwizi hawezi kukosa nyingine ya kuiba.

Na kulikuwa na sauti nyingine, ile mbaya zaidi. "Njo bantu ya Congo," walisema watu waliokula mezani kwa Nkulu. "Tuliwapa mahali, sasa wanatuibia."

Nkulu aliacha kula. Jumatano yenyewe, mchana kweupe, Noëlla alimkuta akifunga nguo ndani ya shuka.

"Unaenda wapi?"

"Turudi kwetu, Mama Sagesse. Hapa jina yetu imekufa."

Noëlla aliketi juu ya furushi lile, akalikalia kwa uzito wake wote. "Tukienda leo, bote batasema tulikimbia na moteri. Na Sagesse atakuwa mutoto wa mwizi mpaka anazeeka. Nkulu, uniangalie. Uliiba?"

"Hapana."

"Basi ile karatasi inasema bongo, inadanganya."

"Ni mashini iliandika."

"Hapana," Noëlla akasema polepole, kama mtu anayesikia wazo likipiga hodi. "Mashini ilisikia. Mutu njo aliandika. Jicho linaona, lakini linamwambia nani? Linaambia kompyuta moja tu, mu chumba kimoja, na fungulo ya kile chumba iko mu mfuko ya mutu mumoja."

Alinyanyuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Ba Mable, mwanamke mnene wa Kibemba, muuza chisense wa miaka mingi, anayeogopwa na madalali wote wa pwani ile. Noëlla alimkuta ufukweni akigeuza samaki juani. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama desturi ya wenyeji.

"Mukwai, Ba Mable. Sikuye kulia. Nilikuya kuuliza. Watu ya mradi walisema yale macho tatu yanaweza kuunganishwa na mutandao, kila kinachopita tukione wote mu telefone zetu. Juu ya nini hayakuunganishwa?"

Ba Mable hakuacha kugeuza samaki. "Ba Misheck alisema rezo, ule mutandao, ni bei kali. Alisema kompyuta inatosha."

"Laini moja ya telefone inatosha, Mama. Maneno ya jicho ni mafupi. Namba, saa, geti. Nipatie ruhusa niunganishe."

"We, Bana Sagesse?" Ndivyo Wabemba wanavyomwita mama wa Sagesse. Sasa alisimama, akaweka mikono kiunoni. "Bwana yako anasemwa mwizi, na weye unataka nikupatie mashini? Batu watasema nini?"

"Watasema nimepika majibu. Njo maana sitaki kuigusa peke yangu hata mara moja. Nitaigusa mchana, mbele ya soko. Weye utasimama pale. Pasta naye asimame. Neno la siri la kufungulia mulichague weye na pasta, mi nisilijue. Na ukurasa utafunguliwa kwa kila mwanachama mwenye simu. Kama mashini itasema Nkulu ni mwizi, mi mwenyewe nitamupeleka ku polisi."

Ba Mable aliinama, akageuza samaki wachache zaidi. Upepo wa ziwa ulikuwa unapiga vitenge vyao.

"Mukutano ya kumufukuza ni Jumamosi," alisema mwisho. "Kesho asubuhi ukuye ku geti."

*

Asubuhi ile soko zima lilihamia getini. Noëlla alipanda ngazi na mfuko wake wa bisibisi, akafungua kisanduku, akaunganisha kifaa kidogo chenye laini ya simu, ambacho watu wa mradi walikuwa wamekiacha stoo kikiwa bado ndani ya karatasi yake. Kazi ya kifaa hicho ni kuchukua kila namba inayosomwa na kuipeleka kwenye jukwaa la mtandao, mahali ambapo vyombo vyenyewe huleta habari zao na watu huzisoma wakiwa popote. Pasta na Ba Mable waliandika neno la siri wakiwa wamemgeuzia mgongo. Kisha vijana wawili wakabeba moteri ya tatu, wakapita nayo chini ya antena.

Watu wakatazama simu ya Ba Mable. Haikulia. Wakapita tena. Kimya.

Vicheko vilianza nyuma na kuja mbele. Ba Misheck, aliyekuwa amesimama kivulini, alitikisa kichwa kwa huruma. "Hii kazi inataka injinia ya Lusaka," alisema. "Haiko kubadilisha kioo ya Nokia."

Noëlla alisikia masikio yakiwaka moto. Pale juu ya ngazi alitamani kwa muda lile furushi la nguo. Lakini mtu aliyefungua simu elfu moja amejifunza kwamba kilichokufa mara nyingi hakikufa, kinahitaji tu kuulizwa vizuri. Alishuka na waya uliotoka kwenye kisomaji, akauchomeka kwenye simu yake, akaanza kusoma mipangilio yake mstari kwa mstari, akiisema kwa sauti ili wote wasikie.

"Jicho ni zima," alisema baada ya muda. "Linasoma vizuri. Lakini ni kama mutu anaandika barua, na kwa kila barua anaweka anwani ya nyumba moja tu. Anwani ya kompyuta ya ofisi. Hakuna barua inaweza kufika kwetu."

Alifuta anwani ile, akaandika ya jukwaa. Vijana wakainua moteri ya tatu.

Hawajafika katikati ya geti, simu ya Ba Mable ikatetemeka. Kisha ya pasta. Kisha ya mama muuza muhogo. *Moteri 3. Kashikishi. Imetoka.* Vijana wakageuka, simu zikatetemeka tena: *Imeingia.* Wanawake wa soko wakapiga vigelegele, na mmoja akaibeba ndoo yake kupita chini ya antena, akauliza kwa nini yeye haitwi.

Ba Misheck naye alicheka, ila midomo tu. "Ni muzuri. Lakini hii itatuambia ya kesho. Ya Jumamosi ile imeisha kupita."

Macho ya Noëlla yalikuwa bado kwenye kioo cha simu yenye waya. Alikuwa ameona kitu. Kisomaji kilikuwa na ghala yake ndogo ya ndani, kilikohifadhi kila kilichosoma, ili umeme ukikatika kisipoteze kitu. Yaliyoandikwa kwenye kompyuta yanaweza kubadilishwa, sawasawa na barua iliyokwisha pokelewa. Lakini aliyeandika barua bado alikuwa na nakala yake.

Alingoja watu wapungue na Ba Misheck arudi ofisini. Ndipo akamwomba Ba Mable na pasta wasogee. Waliamuru ghala ile itume yote iliyokuwa nayo, na orodha ikaanza kushuka kwenye simu ya mwenyekiti peke yake. Jumamosi ile, saa kumi na dakika tano, hapakuwa na kitu. Kidole cha Ba Mable kikateremka mpaka kikasimama.

*Moteri 7. Kashikishi. Imetoka. Jumapili, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi.*

Pasta alivua miwani yake. "Saa hiyo," alisema kwa upole, "Nkulu alikuwa mbele yangu, anaimba. Kanisa nzima ilimuona."

Noëlla aliketi chini, palepale kwenye mchanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ba Mable alimwacha alie kidogo, kisha akamshika bega.

"Simama, Bana Sagesse. Tukisema leo, atasema hii orodha uliiandika weye. Karatasi juu ya karatasi. Tutafute moteri yenyewe."

*

Siku iliyofuata waliondoka, Noëlla na Ba Mable, wakipanda gari la mizigo la barabara ya Chienge mpaka Mununga. Mlinzi wa geti la Mununga alikuwa Chadrack, kijana aliyevuka mwaka mmoja na Nkulu. Waliunganisha jicho la pale kwa muda mfupi, maana sasa Noëlla alijua ugonjwa wake, na kilichochukua muda ilikuwa kufuta mavumbi ya mwaka mzima juu ya sola. Ghala ilipofunguka, wote watatu waliinamia simu.

Moteri ya saba iliingia Mununga Jumapili ileile, alasiri. Tangu hapo ilitoka kila siku asubuhi, na kila siku ikarudi kati ya saa tisa na saa kumi mchana. Kila siku, bila kukosa, kama mfanyakazi mwaminifu.

Chadrack alijishika kichwa. "Mungu wangu! Inapita mbele yangu kila siku! Walipaka rangi ya blu, mi nilifikiri ni mupya. Niende nikamate yule mutu akirudi?"

"Awe, hapana," akasema Ba Mable. "Ukimukamata leo, habari itafika Kashikishi mbele yetu, na mwizi atatengeneza mudomo yake. Leka, uiache ivue kesho pia. Kesho ni Jumamosi." Akaacha habari za Mununga zisomwe kwenye simu yake na ya pasta tu mpaka wakati wa mkutano.

Jumamosi saa nane mchana banda la soko la samaki lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Nkulu aliketi mbele, peke yake kwenye benchi, na Sagesse alikataa katakata kukaa nyumbani, akaenda kuketi karibu naye, akamshika mkono mbele ya watu wote. Ba Misheck alisoma shtaka. Alisoma vizuri. Alizungumzia mgonjwa wa Isokwe, akazungumzia wema wa wenyeji uliolipwa kwa ubaya, na watu wakanung'unika kwa kukubali.

Ba Mable akafungua habari za Mununga kwa wote kuanzia saa hiyo, akampa nafasi Noëlla. Hakusema mengi.

"Mama na baba zangu, ninalomba kitu kimoja. Mufungue ile ukurasa mu telefone zenu, muweke mbele yenu. Bwana yangu huyu hapa. Mikono yake hii hapa. Mi niko hapa, sina hata simu. Tungoje kidogo."

"Tungoje nini?" Ba Misheck akauliza.

"Moteri ya saba itatuambia yenyewe."

Wakangoja. Saa tisa ikapita. Joto la mabati likawashukia. Watu walianza kujipepea, kisha kunong'ona. Saa tisa na robo mtu akapaza sauti: rezo imepotea. Kweli, simu zote zilionyesha mtandao umeanguka, kama unavyoanguka mara nyingi kwetu wakati wa mchana. Ba Misheck akanyanyua mikono. "Munaona wenyewe. Tunapoteza siku. Tupige kura."

Mikono ilianza kunyanyuka. Noëlla alifumba macho. Alijua kitu ambacho wengine hawakujua, kwamba kisomaji kikikosa mtandao huweka neno lake na kungoja. Lakini alijua pia kwamba watu hawana ghala ya namna hiyo, wala hawajui kungoja. Hakuwa na la kufanya tena.

Rezo ilirudi kama ilivyoondoka, bila kuaga. Simu moja ikatetemeka kule nyuma. Ikafuata ya pili. Halafu zikawa kumi, ishirini, banda zima likinguruma kwa sauti ndogo ndogo kama nyuki, na watu waliokuwa wameinua mikono wakaiteremsha ili wasome.

*Moteri 7. Mununga. Imeingia. Leo, saa tisa na dakika kumi na nane.*

Nkulu alikuwa ameketi mbele yao. Hata kipofu angejua kwamba mtu hawezi kuwa kwenye benchi Kashikishi na wakati huohuo anapitisha moteri Mununga.

Ba Mable alipiga simu, akaweka sauti kubwa. Chadrack alikuwa anahema. "Niko naye hapa, Mama. Anaitwa Mumba, muvuvi. Anataka kusema."

Sauti nyingine ikaja, ya mtu mzima aliyeshtuka. "Mimi siko mwizi! Moteri nilinunua. Niko na karatasi yake, iko na kashe, muhuri ya ushirika. Aliniuzia katibu yenu mwenyewe, Ba Misheck. Aliniletea na gari, siku ya Jumapili, akasema ushirika unauza za zamani."

Watu wakageukiana. Ba Mable akasoma polepole, kwa wote, neno ambalo jicho la Kashikishi lilikuwa limehifadhi: Jumapili, saa nne na dakika arobaini na mbili, wakati watu wote wakiwa kanisani. Pasta akasimama kuthibitisha. Macho yote yakamgeukia Ba Misheck. Mabati mapya ya nyumba aliyokuwa anaijenga kila mtu alikuwa ameyaona wiki ile, na hakuna aliyejiuliza.

"Nilitaka kuirudisha," alisema. "Nilitaka tu..."

Hakumaliza. Banda lilinyanyuka kama wimbi. Viti vikaanguka, mtu akashika kasia, na katibu akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono usoni.

Ndipo Nkulu aliposimama. Mtu yule wa maneno machache alipita katikati ya watu, akajiweka mbele ya Misheck, akatandaza mikono yake mikubwa.

"Hapana!" Sauti ile ya korali, sauti ya chini kabisa, ilitikisa mabati. "Wiki nzima muliniua bila kujua. Leo mumejua, na munataka kuua tena? Huyu ni wa polisi. Haiko wa makasia. Mutu akimupiga, anipige miye kwanza."

Aliyeshika kasia aliliweka chini. Wakampeleka Misheck polisi kwa miguu, mchana, bila kumgusa. Baadaye mahakama ilimhukumu, na mabati yale yakavuliwa na kuuzwa ili Mumba arudishiwe chake.

Ba Mable hakuwaacha wanachama watoke. Alipiga magoti mbele ya Nkulu na Noëlla, yeye mwenyewe aliyeogopwa na pwani nzima, akapiga makofi ya kuomba radhi. Mmoja mmoja wakamfuata. Kiongozi wa korali alilia hadharani. Yule mama muuza muhogo alimbeba Sagesse begani, na wimbo ukaanza, wa Kibemba, ukajibiwa kwa Kiswahili, mpaka huwezi kujua ni wa nani. Noëlla alicheka na kulia kwa pamoja. Kwa kauli moja wakamchagua awe msimamizi wa macho yote matatu, kwa mshahara, na Jumatatu alikwenda Puta kuunganisha lile la mwisho.

Moteri ya saba ilirudi ikiwa bado na rangi yake ya blu. Hawajapata nafasi ya kuikwangua, kliniki ikaiita: mama wa Isokwe, mimba ya mapacha. Nkulu aliifunga kwenye mtumbwi kwa mikono yake. Jioni, jua likiwa bado juu ya maji, simu za Kashikishi zilitetemeka kuwaambia kwamba moteri imeingia, na watu wakakimbia getini. Mama alikuwa mzima, na watoto walikuwa wawili, wote wakipiga kelele.

MAFUNZO

Ndugu, kwanza tujifunze kwamba tamaa ya mtu mmoja haili mali peke yake. Inakula na jina la jirani. Misheck aliuza moteri moja, lakini alikuwa tayari kuzika nyumba nzima ili asionekane.

La pili linatuhusu sisi tusioiba. Kumhukumu mtu kwa sababu alitoka ng'ambo, au kwa sababu karatasi imesema, ni wizi pia, na kandambili ya mtoto kurushwa juu ya paa ni kazi ya mikono yetu. Ulizeni kwanza. Ngojeni kwanza.

Na hili la mwisho wapelekeeni viongozi wenu wa vyama, wa makanisa, wa shule: mali ya wote ilindwe na macho ya wote. Chombo cha kulinda kikiachwa kizungumze na mtu mmoja, kinakuwa mtumishi wa mtu huyo, hata kiwe cha kisasa namna gani. Kikizungumza na kila mtu, mwaminifu analala usingizi, na mwizi anakosa mahali pa kusimama.